Hati ya Kupokea Mtu

Nchi ya Sitiri haimo katika ramani yoyote, kwa sababu Wizara yake ya Ramani bado inasubiri kibali cha kuichora. Lakini ipo. Ina milima miwili, ziwa moja, wimbo wa taifa wenye beti ishirini na mbili, na sheria moja inayozishinda zote, iitwayo Sheria ya Kuonekana.

Sheria hiyo ni fupi, hata mtoto wa darasa la pili anaijua kwa moyo. Jambo lolote likiigizwa na Kikundi cha Taifa, likapigiwa makofi, kisha likagongwa muhuri na Muonaji Mkuu, basi limetokea. Jambo ambalo halikuigizwa halikutokea, na anayelitaja ana kosa la kusema kisichoonekana.

Ilianza kwa nia njema kabisa. Zamani serikali ilishindwa kumaliza daraja la Mto Kizima, na kwa kuwa siku ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa, daraja lilifunguliwa jukwaani, limeundwa kwa maboksi na kupakwa rangi ya fedha. Watu walishangilia, muhuri ukagongwa. Mpaka leo wanaovuka Mto Kizima hulowa hadi kifuani, na polisi huwashtaki kwa kutembea vibaya darajani. Baadaye yaliigizwa mavuno, ikaigizwa hospitali ya wilaya, ukaigizwa uchaguzi. Wananchi walizoea. Tena walipenda, maana waigizaji walikuwa hodari.

Zawena alikuwa mkumbushaji wa kikundi hicho. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya pazia, daftari magotini, akifuata kila neno linalosemwa jukwaani. Mwigizaji akisahau, hugeuza uso kidogo kuelekea pazia, naye Zawena humnong'oneza. Waigizaji wa Sitiri wana kiapo wanachokula siku ya kwanza, kwamba kinachotoka nyuma ya pazia kinasemwa, bila kuuliza. Zawena aliipenda kazi yake. Aliamini kwamba katika nchi yenye wasahaulifu wengi namna ile, mtu wa kukumbusha ana faida yake.

Mchezo alioukumbusha mara nyingi kuliko yote ulikuwa wa Siku ya Usalama, ulioigizwa kila mwaka katika mji wa Mwangazo, kando ya ziwa, kwenye kinu cha nyuklia. Kila mfanyakazi wa kinu alivaa kisanduku kidogo kiunoni, na wakati mwingine kisanduku kililia tik, tik, tik. Wataalamu wa kigeni walikuwa wameeleza maana ya mlio ule, lakini maelezo yao yalikuwa marefu na ya kutia hofu, hivyo Wizara iliyafupisha. Katika mchezo, baba wa kuchekesha mwenye kitambi bandia aliingia na kisanduku, kikalia, naye akawaambia watazamaji: "Hicho ni kicheko cha umeme! Kikilia, chekeni!" Mji mzima ulicheka. Yule baba alikuwa akisahau maneno hayo kila mwaka, na kwa miaka tisa Zawena ndiye aliyemnong'oneza: kikilia, chekeni.

*

Jumanne moja, saa nane mchana, kinu cha Mwangazo kilipasuka.

Redio haikusema kimepasuka. Ilisema kimepumua. "Kila chenye uhai hupumua," alieleza Waziri wa Nishati na Sanaa, Mheshimiwa Daktari Magoti, aliyepewa wizara zote mbili kwa sababu zote mbili zilitumia taa. "Kinu chetu kimeudhihirishia ulimwengu kwamba ki hai. Nchi nyingine zina vinu vilivyokufa, na wala hazioni haya." Moshi uliosimama juu ya mji kwa siku tatu uliitwa wingu la kitalii. Migomba ya kando ya ziwa iligeuka rangi ya kutu, ikasajiliwa kuwa migomba ya mapambo. Samaki walielea matumbo juu, na afisa uvuvi alithibitisha kwamba wanaota jua.

Watu kumi na mmoja wa zamu ya mchana hawakutoka. Kuhusu hao ilitangazwa kwamba wamechelewa kazini.

Mbaraka, mdogo wake Zawena, alikuwa mmoja wao. Saa nane na dakika kumi alimpigia dada yake simu. Zawena alikuwa kwenye mazoezi, kalamu mkononi, na kwa mazoea ya miaka tisa aliandika kila neno alilolisikia, ukurasa wa sabini na mbili wa daftari lake. Alipoutazama baadaye aliona mwandiko wake haukutetemeka hata mahali pamoja, na jambo hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

Alikwenda kwa mwelekezi wa kikundi, Profesa Kabelege, mtu mwenye huruma nyingi na woga mwingi zaidi.

"Profesa, mdogo wangu amefia mle ndani."

"Imeonekana wapi, mwanangu?"

"Nimemsikia kwenye simu. Amenipa na ujumbe. Nimeuandika, huu hapa."

"Kusikia si kuonekana." Profesa alilifumba daftari lile kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayemfumba maiti macho. "Usilifungue mbele ya watu. Unataka kupelekwa Chuo cha Macho?"

Chuo cha Macho kilikuwa gereza ambako raia walifundishwa kuona vizuri.

Zawena alitaka kwenda Mwangazo, lakini barabara ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Alitaka kupiga simu, nazo simu zilikuwa kwenye matengenezo. Aliandika barua tatu kwa mama yake, Bi Tatu, aliyeishi hatua mia mbili kutoka ziwani, na zote zilirudi zimeandikwa juu: Hakuna habari ya kupeleka. Kila asubuhi, akijitilia maji ya kunywa, alimwona akilini mama yake akiinama ziwani na ndoo.

Matanga nayo hayakuruhusiwa. Msiba wa mtu ambaye hajafa ni mkusanyiko usio na kibali, kwa hiyo askari walizipitia nyumba kumi na moja za Mwangazo wakachukua majamvi yote.

*

Wiki ya nne Waziri alikuja mwenyewe kwenye ukumbi wa mazoezi.

"Wasanii!" alisema, mikono ameipanua. "Taifa lina donda dogo la hisia. Familia kumi na moja zinauliza maswali, na swali, ndugu zangu, ni jibu lililokosa malezi. Siku ya arobaini tutaigiza Kurudi kwa Mashujaa, palepale Mwangazo. Mashujaa kumi na mmoja watatoka kinuni, watakumbatiwa na mama zao, na mama zao watatia sahihi Hati ya Kupokea Mtu."

Mwigizaji mmoja kijana, Dastan, aliinua mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Ni nani hasa watakaorudi?"

"Ninyi."

"Na baada ya mchezo, sisi tukiondoka?"

"Mtu aliyerudi nyumbani akaondoka tena, hilo ni tatizo la familia," alisema Waziri. "Serikali haiingilii mambo ya ndani."

Ukumbi ulipiga makofi, kwa kuwa milango ilikuwa na askari.

Dastan alipewa nafasi ya Mbaraka. Siku ya pili ya mazoezi yaliletwa maboksi kutoka Mwangazo. Wafanyakazi wa kinu walikuwa na desturi ya kuvua viatu vyao getini na kuvaa mabuti ya kazini, na jozi zile kumi na moja zilikuwa bado zimepangwa getini, nje, chini ya moshi, zikisubiri. Waziri alitaka ziletwe ili mama wasije wakasitasita. Viatu viliwekwa jukwaani mstari mmoja. Zawena alivitambua vya Mbaraka kabla hajaambiwa: raba za bluu, kisigino cha kulia kimelika upande, kamba ya kushoto imeungwa kwa uzi mweupe wa mama.

Dastan alipovivaa, kisanduku alichopewa kiunoni kilianza kulia. Tik, tik, tik-tik. Yule mwenye kitambi bandia alicheka kwa mazoea. Kisha alimwona Zawena, akanyamaza.

"Dada Zawena," Dastan alimwambia siku iliyofuata walipopumzika, "huyu ndugu yako alicheka vipi?"

"Alianza na mabega. Sauti ilikuja baadaye."

Dastan alijaribu. Mabega yalitikisika, sauti ikafuata, na Zawena alilazimika kutoka nje.

Kijana yule alipomfuata, alikuwa peku, uso umemsawijika. "Dada, usinione mwehu. Kila nikivaa viatu hivi, najikuta nimekwenda kusukuma mlango. Mlango wowote. Jana nilisukuma mlango wa stoo wakati uko wazi. Hilo limo kwenye daftari?"

"Halimo kwenye mchezo," alisema Zawena.

Hakusema uongo.

*

Siku ya arobaini barabara ilipona ghafla, na Kikundi cha Taifa kiliingia Mwangazo kwa malori ya jeshi. Waziri na maafisa wake walivaa mavazi meupe kutoka utosini hadi nyayoni, yenye glavu na vioo usoni. Kipaza sauti kilieleza kwamba ni vazi la taifa la furaha. Wenyeji, waliokuja na nguo zao za kawaida, walionekana washamba.

Mji ulikuwa kimya. Mbwa hawakubweka. Kuku walitaga mayai yasiyo na ganda, laini kama macho. Watu walipiga hodi wakikohoa, wakaitikiwa kwa kikohozi.

Zawena aliruhusiwa kumwamkia mama yake kwa dakika kumi, akiwa na msindikizaji wa Wizara, mpole sana, aliyekaa kati yao ndani ya vazi lake la furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Zawena mwanangu. Umekonda! Huko mjini hamli?" Bi Tatu alikuwa amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi, na nywele hazikuonekana kutokeza popote. Kitandani kwa Mbaraka alikuwa ametandika shuka safi. "Wanasema mdogo wako anarudi saa tisa. Wewe unatoka kwao, unasemaje?"

Kioo cha msindikizaji kilimgeukia Zawena.

"Wanasema hivyo, mama."

Bi Tatu alimtazama bintiye. Kisha alimimina chai, vikombe vitatu. "Kunyweni. Karibu, baba."

"Nimefunga, mama," alisema msindikizaji kutoka ndani ya vazi lake.

Zawena alishika kikombe. Mvuke ulimgusa uso. Mama yake alikinyanyua chake, na kabla hakijafika mdomoni Zawena aliupiga mkono ule kwa kiwiko, na kwa kiwiko hichohicho akaliangusha birika. Chai ilitapakaa sakafuni.

"Nisamehe, mama! Mikono yangu leo!"

"Si kitu, mwanangu," alisema Bi Tatu, akiokota ndoo. "Ziwa liko palepale."

Alitoka. Kupitia dirisha Zawena alimwona akiteremka, na nyuma yake wanawake wengine, na watoto, kila mmoja na ndoo yake. Hapo alielewa kwamba kumnong'oneza mtu mmoja hakutoshi.

*

Saa tisa uwanja wa mpira ulijaa. Jukwaa liliwekwa golini. Meza ya Muonaji Mkuu, Mzee Kahimba, ilikuwa pembeni, na juu yake muhuri na Hati kumi na moja. Mzee Kahimba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili tangu miaka kumi na miwili nyuma, na katika muda huo hakuwahi kukosea hata mara moja. Aligonga muhuri anaposikia makofi. Waziri alimsifu daima kwamba ni muonaji asiyeyumbishwa na anachokiona.

Mchezo ulianza. Mashujaa kumi na mmoja walitoka kwenye kinu cha turubai, wakiimba. Visanduku vyao vililia, na jinsi walivyosogea kwa watazamaji ndivyo vilivyozidi kulia, mpaka mlio ukawa mmoja usiokatika. Mji wa Mwangazo ulicheka. Walifundishwa. Walicheka wazee, wakacheka watoto, wakacheka huku wakikohoa, na nyuma ya pazia Zawena aliziba mdomo kwa kiganja asipige kelele.

Mama wa kwanza kuitwa alikuwa Bi Tatu. Alipanda jukwaani polepole, akasimama mbele ya Dastan. Katika daftari ilikuwa imeandikwa: Mama, nimerudi. Kinu ni salama na maji ni matamu. Kisha kumbatio, kisha sahihi.

Bi Tatu hakumtazama usoni. Alitazama viatu. Alichutama, akaikaza kamba ya kushoto, ile yenye uzi mweupe, kama alivyofanya kila asubuhi ya shule. Akiwa bado chini aliuliza, "Umekula?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mchezo.

Dastan alifungua mdomo. Maneno ya Wizara hayakuja. Alijaribu tena, na mwishowe akageuza uso kidogo kuelekea pazia.

Uwanja mzima ulisubiri. Zawena aliona kisogo cha mama yake, kitambaa, mikono iliyoshika kamba ya kiatu. Alijua kwamba neno atakalolitoa litamuua Mbaraka mara ya pili, mbele ya mama yake, na safari hii muuaji atakuwa yeye. Alijua pia ile ndoo imejaa, inasubiri nyumbani. Alifungua ukurasa wa sabini na mbili.

"Kisanduku kimelia, tukacheka kwanza," alinong'ona.

Dastan alikuwa amekula kiapo. "Kisanduku kimelia," alisema, "tukacheka kwanza."

Kicheko cha uwanjani kilianza kupungua.

"Kama mlivyotufundisha, dada. Tulicheka mpaka mlango ukafungwa."

"Kama mlivyotufundisha, dada." Sauti ya Dastan ilikuwa imebadilika. Ilianzia mabegani. "Tulicheka mpaka mlango ukafungwa."

"Umefungwa kwa nje. Tunausukuma."

Dastan alisema hivyo, na wale wengine kumi, ambao hakuna aliyewanong'oneza kitu, waligeuka wote pamoja wakaweka viganja vyao kwenye kinu cha turubai na kusukuma. Hawakuweza kueleza baadaye kwa nini. Walisema ni viatu.

"Mwambie mama asinywe maji ya ziwa. Asiguse. Waambie wote wahame. Kikilia, kimbieni."

"Mwambie mama asinywe maji ya ziwa," alisema Dastan, na machozi yalimtiririka. "Asiguse. Waambie wote wahame. Kikilia, kimbieni."

Hakuna aliyecheka tena. Visanduku kumi na kimoja vililia peke yao juu ya uwanja. Waziri alisimama akaanza kufoka, lakini vazi la furaha lilikuwa limeshonwa imara sana, na kilichosikika nje kilikuwa "Mmm! Mmm!" ambacho wengi walikidhania kukubali.

Mzee Kahimba alishika muhuri, akatega sikio. Kimya. Bila makofi, hakuna kilichoonekana.

Bi Tatu aliinuka. Aliutazama uso wa Dastan kwa mara ya kwanza, akamgusa shavu, kama mtu anayemshukuru mgeni aliyetumwa mbali. Kisha aliligeukia pazia, mahali hasa alipokaa bintiye, akainua viganja vyake na kupiga makofi.

Alipiga peke yake, taratibu, pa, pa, pa, na kila alipopiga alipepesuka kidogo kana kwamba anajipiga mwenyewe. Mama wa pili alisimama akapiga. Wa tatu. Halafu mji mzima wa Mwangazo, huku unalia, ulipiga makofi kwa nguvu ambayo Mzee Kahimba hakuwahi kuisikia katika miaka yake ya kuona.

Muhuri ulishuka. IMEONEKANA.

*

Mkuu wa polisi, ambaye alikuwa mtu wa sheria, alipiga saluti akaanza kuhamisha watu. Waziri alipofanikiwa kuvua kichwa cha vazi lake aliamuru waache, lakini amri yake haikuwa imeigizwa. Malori yaliyoleta mchezo yaliuondoa mji, safari tisa, siku mbili. Ndoo ziliachwa kando ya ziwa, zimesimama kwa mstari.

Mkumbushaji naye alitafutwa. Wanasheria wa Wizara walikaa wiki nzima na mwisho walileta ripoti ya kusikitisha: kilicho nyuma ya pazia hakionekani, na kisichoonekana hakikutokea. Hapakuwa na mtu wa kushtaki. Tangu hapo Waziri anajitahidi kuandaa mchezo mwingine wa kuufuta ule. Tatizo ni kwamba kila mwigizaji anayevaa viatu vya mashujaa hufika kwenye sentensi ileile, akanyamaza, akageukia pazia. Wameondoa mkumbushaji. Wameondoa hata pazia. Wanageukia ukuta.

Dastan haigizi siku hizi. Yuko hospitali, ile iliyojengwa kwa matofali, si ile ya jukwaani, na Zawena humpelekea uji.

Matanga ya watu kumi na mmoja yalifanyika kambini, juu ya majamvi yaliyorudishwa, kwa kuwa vifo vilikuwa na muhuri sasa. Siku ya tatu, wageni walipopungua, Bi Tatu alimwita bintiye akae karibu. Kichwa chake kilikuwa wazi, hakikuwa na unywele hata mmoja, na hakujali.

"Lete lile daftari."

Zawena alilileta, akalifunua kwenye ukurasa wa sabini na mbili.

"Yale yaliyosemwa uwanjani nimeyasikia. Chini yake pana mstari mmoja. Nimeuona ulipolifunua sasa hivi. Huo hukumpa yule kijana."

"Ndiyo, mama. Huo haukuwa wa watu."

"Nisomee."

Zawena aliyajua maneno yale bila kutazama, lakini alitazama, kwa sababu ndiyo kazi yake.

"'Dada, usikate simu.'"

Mahali fulani kambini mtoto alikuwa akicheka, kisha akaacha, kana kwamba amekumbuka kitu.

"Ukakata?"

"Sikukata, mama. Alinyamaza yeye. Nilisikia mlango unagongwa, halafu haukugongwa. Nikabaki nimeishika sikioni mpaka magharibi."

Bi Tatu aliuchukua mkono wa bintiye, ule wa simu, akauweka sikioni mwake mwenyewe, akauegemea. Walikaa hivyo, mama amefumba macho anasikiliza, na Zawena hakuuondoa mkono.